Injini Ngeni katika Gari Kuukuu

Katika nchi yetu iko fikra iliyozoewa mno hata watu hawaidai tena ushahidi. Fikra hiyo husema kwamba kazi za wanadamu ni mafungu mawili: fungu la akili, ambalo huketi mezani na kushika kalamu, na fungu la mikono, ambalo huinama chini ya gari na kushika spana. Kijana afauluye mtihani hupongezwa kwa kuokoka na spana. Ashindwaye huambiwa kwamba gereji ingaliko. Maneno hayo husemwa na wazazi wema, hurudiwa na walimu wema, na mwisho huaminiwa na vijana wema. Lakini wema wa msemaji haugeuzi uongo kuwa kweli. Nia yangu katika insha hii ni kuipinga fikra hiyo, nami sitaipinga kwa maneno matupu. Nitaipinga kwa kuichunguza kazi moja ifanywayo chini ya miembe ya Waa na mahali pengine pa pwani ya kusini ya Kenya: kuiondoa injini iliyokufa katika pikapu kuukuu na kutia nyingine mahali pake.

Waa ipo kandokando ya barabara itokayo Likoni kwenda Lunga Lunga, mpakani mwa Tanzania, baina ya Ng'ombeni na Tiwi. Mazao ya nchi ile hayana miguu. Nazi, madafu, maembe na samaki hungoja gari la kuwafikishia wanunuzi. Na likikawia gari, embe huoza na samaki hunuka. Gari hilo mara nyingi ni pikapu, na pikapu hiyo mara nyingi ni kongwe. Ukongwe wake si uzembe wa mwenyewe. Kwa kiwango KS 1515 cha mwaka 2000, kilichowekwa na Shirika la Viwango la Kenya, gari lililotumika ng'ambo halikubaliwi kuingia nchini ikiwa limepita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Pikapu iliyo changa huja na bei ya ujana wake, na bei hiyo humshinda mtu auzaye nazi. Basi mwenye Hilux ya zamani huishika kama mvuvi ashikavyo ngalawa ya babaye.

Injini ya pikapu kama hiyo ikifa, mara nyingi chesisi yake ingali imara, giaboksi yake ingali nzima, na bodi yake, ijapokuwa imeliwa na chumvi ya upepo wa bahari, ingali yabeba mzigo. Kununua injini iliyotumika, ambayo hushushwa katika bandari ya Mombasa, si upumbavu hata kidogo. Ni hesabu ya mtu mwenye busara na mfuko mdogo. Kwa hiyo msomaji asinielewe vibaya. Sipingi kubadili injini. Napinga kuibadili bila kufikiri. Na kwa ukali zaidi nampinga yule asemaye kwamba kazi hii haihitaji fikra.

Sikiliza neno litokalo kwanza gari lifapo: "Tia nyingine." Neno hili ni fupi, nalo ndilo chanzo cha hasara nyingi. Huulizwa bei ya injini, huulizwa siku ya kuifunga, huulizwa nani ataazima mnyororo wa kuiinulia. Lakini haliulizwi swali lililo mama wa maswali yote, yaani, iliyokufa ilikufa kwa sababu gani? Daktari amzikaye mgonjwa bila kuujua ugonjwa, kisha akamlaza mwingine katika shuka zilezile, tungemwita muuaji. Fundi na mwenye gari wafanyapo vivyo hivyo twawaita watu wa haraka, tena twawasifu kwa haraka yao.

Natuitazame sababu moja iliyo ya kawaida katika pwani yetu. Injini huchoma mafuta ili ipate nguvu, lakini si moto wote ugeukao nguvu. Sehemu kubwa ya joto lazima iondolewe, ama chuma kitaharibika. Maji huzunguka kando ya silinda, hulibeba joto mpaka kwenye rejeta, na huko upepo hulipokea. Ardhi ya pwani ya Waa imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya visima vya ardhi ya namna hiyo hubeba chokaa. Karibu na ufuo hubeba na chumvi pia. Mwenye pikapu huchota ndoo moja asubuhi akajaza rejeta, naye huona amefanya wema. Kila mpishi aujua utando mweupe ugandao ndani ya birika la chai. Utando ule ule huganda katika vijia vyembamba vya rejeta, na chumvi huila bati yake. Mwaka hata mwaka njia ya maji huwa nyembamba. Siku moja pikapu hupakiwa kupita kiasi, jua huwa kali, mlima huwa mrefu, na joto hukosa pa kutokea. Kifuniko cha silinda hupinda, gasketi hupasuka, maji huingia katika oili, na oili hugeuka rangi kama chai ya maziwa. Injini imekufa.

Sasa injini nyingine hununuliwa kwa akiba ya miaka, au kwa mkopo, au kwa shamba lililowekwa rehani. Huinuliwa kwa mnyororo, hushushwa mahali pake, hufungwa kwa bolti nzuri. Kisha huunganishwa na rejeta ileile iliyomwua mtangulizi wake! Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mambo yamepinduka: mgeni amekuja, na mwenyeji amemwua. Injini ya pili ikifa, lawama huangukia Wajapani, au muuzaji, au jicho la hasidi. Rejeta hukaa kimya, imejaa chokaa, haishtakiwi na mtu.

Ndivyo itendewavyo na thamostati. Hii ni kizibo kidogo kikaacho katika njia ya maji. Injini ikiwa baridi huyazuia maji yasiende kwenye rejeta, ili chuma kipate joto lake upesi. Joto likitimia, hufunguka. Wako mafundi waitoao na kuitupa, wakisema kwamba nchi ya joto haina haja nayo. Usemi huo una sura ya hekima, lakini haukupimwa. Injini ikosayo joto lake huchoma mafuta vibaya na hulika upesi. Na katika injini nyingine kizibo hicho, kifungukapo, huziba pia njia ya mkato ya maji. Kikiondolewa, maji hupita njia ya mkato badala ya kupita katika rejeta, na injini iliyokusudiwa kupozwa huchemka. Mkono umeondoa kitu ambacho akili haikukijua.

Kama hayo hayatoshi kumridhisha mwenye kuamini mafungu mawili ya kazi, basi achukue kalamu yake aipendayo, twende katika hesabu. Iko jamii ya injini za dizeli za Hilux zijulikanazo kwa herufi L. Katika ile iitwayo 2L, kipenyo cha silinda ni milimita 92, na mwendo wa pistoni kutoka chini hata juu ni milimita 92 pia. Katika 3L, kipenyo ni milimita 96 na mwendo ni milimita 96. Kila moja ina silinda 4. Mwanafunzi ajuaye kutafuta ujazo wa mcheduara anaweza kuketi chini ya mnazi na kuona kwamba ya kwanza ina sentimita za ujazo 2446 na ya pili 2779. Milimita 4 tu, ambazo jicho halizioni kwa urahisi, zimeongeza sentimita za ujazo 333, zaidi ya sehemu moja katika nane.

Nyongeza hiyo si jambo la kujivunia tu kwa majirani. Injini kubwa zaidi ikitumikishwa kwa nguvu zake huchoma mafuta zaidi. Ichomapo mafuta zaidi hutoa joto zaidi. Na joto zaidi hudai rejeta iliyo nzima. Nguvu zaidi hudai klachi iliyo imara. Tena iko breki, ambayo watu huisahau kwa sababu haina sauti. Pikapu ya Waa iendayo Kwale hupanda kutoka Kombani kuelekea vilima vya Shimba. Mwenye injini mpya hufurahi kupanda na mzigo ambao zamani ulimshinda. Lakini aliyepanda lazima ashuke, na kushuka si kazi ya injini pekee. Mzigo umeongezwa, breki ni zile zile za zamani. Nani basi aliyefikiri juu ya watu waliosimama kando ya barabara kule chini? Hesabu isiyofanywa gerejini huja kufanywa njiani, na huko jibu lake huandikwa kwa damu.

Hata kabla ya kununua, kazi ni ya akili. Injini ya dizeli haina cheche ya kuwashia mafuta. Hubana hewa kwa nguvu, zaidi ya mara 20 katika jamii ile ya L, na hewa ikibanwa hivyo hupata joto la kutosha kuyawasha mafuta yenyewe. Ringi za pistoni zikilika, hewa huvuja. Hewa ikivuja, joto hupungua. Joto likipungua, gari huwaka kwa taabu na hutoa moshi. Kwa hiyo mnunuzi mwenye akili hudai mbano wa kila silinda upimwe kwa kipimo, huitazama oili kama imeingiwa na maji, na huuzungusha mtambo kwa mkono asikie kama wakwama. Mnunuzi asiye na akili hutazama rangi. Naye muuzaji mwerevu, akijua hivyo, huipaka injini rangi ya fedha ing'aayo. Je, rangi hupandisha mlima?

Na injini ingali nje, fundi mwenye kuona mbele huvibadili vitu vidogo ambavyo kesho vitakuwa vigumu kufikiwa: mkanda wa ndani uongozao vali, mpira uzuiao oili upande wa nyuma, na sahani ya klachi ikiwa imelika. Mkanda ule ukikatika injini ikienda, vali hugongana na pistoni, na kazi yote huwa bure. Mwenye gari hulalamika kwamba vitu hivyo vyaongeza gharama. Naam, vyaongeza. Lakini aliyenunua injini nzima kisha akaubania mkanda ni kama mtu aliyejenga nyumba ya mawe kisha akaiezeka kwa karatasi.

Kazi haiishi bolti ya mwisho ifungwapo. Kila gari nchini Kenya limesajiliwa kwa nambari ya chesisi na nambari ya injini. Injini ikibadilika, nambari imebadilika. Na mwenye gari hana budi kuijulisha Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ili daftari liseme kweli. Wengi huacha, wakisema kwamba nambari haivuti gari. Ni kweli, haivuti. Lakini yaweza kulisimamisha. Gari ambalo chuma chake chasema hili na karatasi yake yasema lile hufanana na gari la wizi, ijapokuwa mwenyewe ni mwadilifu. Na injini inunuliwayo bila risiti yaweza kuwa iliibwa katika gari la mtu mwingine, pengine jirani wa barabara hiyo hiyo. Basi kazi hii, ambayo wadharauji huiita ya mikono, imekwisha kudai elimu ya maji na chumvi, elimu ya joto, hesabu za ujazo, sheria ya nchi na uaminifu wa moyo. Ofisi ngapi zadai mambo matano kwa siku moja?

Nasikia mpinzani akisema: "Mbona wako mafundi wasiokwenda shule, na magari yapona mikononi mwao?" Wako, nami nawavulia kofia. Lakini ni kosa kusema hawana elimu. Fundi aliyeinama juu ya injini kwa miaka 20, akatambua kwa sikio tofauti ya vali iliyolegea na ringi iliyolika, amesoma katika shule ngumu ambayo haikumpa cheti. Alichonyimwa si akili. Amenyimwa sababu za mambo, ambazo zimeandikwa katika vitabu asivyofunguliwa. Nao walionyimwa mikono ni hao waliovifungua vitabu hivyo. Hasara ni ya pande mbili, na mwenye pikapu ndiye ailipaye.

Tazama mfano wa Soichiro Honda wa Japani, aliyezaliwa mwaka 1906. Mwaka 1922 aliingia katika gereji mjini Tokyo kama mwanagenzi, akajifunza kazi kwa mikono mpaka akawa hodari. Baadaye alitaka kutengeneza ringi za pistoni. Alipozipeleka ringi 50 kwa kampuni ya Toyota zikakaguliwe, zilizofaa zilikuwa 3. Mikono yake haikuwa mivivu. Alikosa elimu ya madini. Mtu yule, mwenye umri wa yapata miaka 30, hakuona haya kwenda kuketi pamoja na vijana katika chuo cha ufundi cha Hamamatsu ajifunze sababu za chuma kuvunjika. Mwaka 1948 alianzisha kampuni ambayo jina lake lasomwa leo juu ya magari na pikipiki duniani kote. Mkono ulimfikisha mlangoni, akili ilimfungulia.

Tazama tena upande wa pili. Mwaka 1824 kijana Mfaransa, Sadi Carnot, aliandika kitabu kidogo juu ya nguvu itokayo katika joto. Kitabu hicho hakikuwa na tone la oili. Lakini fikra zake zilimfikia Mjerumani Rudolf Diesel, aliyezisoma chuoni, akaomba hataza mwaka 1892, kisha akahangaika na chuma mjini Augsburg mpaka mwaka 1897 injini yake ilipotenda kazi kwa ufanisi. Hesabu zake hazikutosha mpaka zilipopita katika karakana. Na karakana isingejua itafute nini kama hapangekuwa na hesabu. Injini ya dizeli iliyolala chini ya boneti ya pikapu huko Waa, ikingoja nazi, ni mtoto wa kitabu na nyundo. Anayekitenga kitabu na nyundo amtenga mtoto na wazazi wake.

Wala lawama si ya wazazi na vijana tu. Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliahidi kuyaunganisha masomo na kazi za mikono. Lakini shule nyingi hazikuwa na karakana wala zana, na ufundi ukawa jambo la kukaririwa kwa mdomo. Mwaka 1992 Serikali ilitoa waraka wa sera juu ya biashara ndogo na jua kali, ikakiri kwamba mafundi wa nje ni nguzo ya uchumi. Mtaala wa umilisi, uliosambazwa nchini tangu mwaka 2019, umeahidi tena. Ahadi ni nzuri, lakini ahadi haina spana. Serikali ipatayo fedha za kujenga maabara lazima ipate na fedha za kununua injini moja mbovu kwa kila shule ya sekondari, ifunguliwe na kufungwa tena na wanafunzi mpaka waijue kama waijuavyo njia ya kwao. Injini mbovu haina bei kubwa. Tena mbovu ndiyo ifundishayo, maana nzima huficha siri zake.

Mpinzani wa mwisho ni yule asemaye, "Maskini hana wakati wa kupima na kuuliza, ataka gari lake kesho." Namhurumia, lakini simkubalii. Tajiri aweza kununua injini mara mbili, maskini hawezi. Kwa hiyo kupima ni haki ya maskini kabla ya kuwa anasa ya tajiri. Kuisafisha rejeta ni gharama ndogo mbele ya kununua injini. Swali moja liulizwalo kabla ya kazi halina gharama yoyote.

Enyi wasomaji vijana, mlio katika shule za Waa, za Kwale na za kwingineko, siwashurutishi nyote muwe mafundi wa magari. Wengine mtakuwa wauguzi, wengine mawakili, wengine wakulima. Nawataka mkatae kugawanywa vipande viwili. Atakayekuwa fundi asiseme, "Mimi ni wa mikono, sina haja ya kujua kwa nini." Atakayekuwa msomi asiseme, "Mimi ni wa akili, sina haja ya kujua vipi." Na mtakapoliona gari kuukuu limefunguliwa kifua, na mtu ameinama ndani yake, msipite mkiziba pua. Simameni mumwulize kwa adabu: ile ya kwanza ilikufa kwa nini? Akiwa na jibu, mmempata mwalimu. Akiwa hana, mtafuteni pamoja naye jibu hilo kabla bolti ya kwanza haijafungwa.